Mizani ya Karafuu na Mizani ya Saruji

Hapana mtu wa Pemba asiyeijua safari ya karafuu. Zinachumwa kwa mkono, kishada kwa kishada, na mchumaji amesimama juu ya tawi ambalo pengine limelowa kwa umande. Zinachambuliwa usiku, jamaa nzima wamekaa kitako, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Zinaanikwa juu ya majamvi siku nne, siku tano, na jua likiwa hafifu hata siku saba, na kila wingu likipita watu huacha chakula wakakimbia kuanua. Karafuu mbichi kilo tatu hazitoi kavu zaidi ya kilo moja hivi. Baada ya taabu yote hiyo mkulima hutia gunia lake garini akaenda kituoni, na huko ndiko anakohukumiwa.

Twasema anahukumiwa kwa sababu ndivyo ilivyo. Mkono wa mkaguzi unaingia mpaka kati ya gunia, si juu tu. Karafuu inavunjwa kwa vidole ili ijulikane kama imekauka. Inatazamwa rangi, inatazamwa kama imechanganyika na makonyo, kama ina mpeta, kama ina vumbi, kama imevunda kwa kuanikwa vibaya. Kisha mkulima anaambiwa: hizi daraja la kwanza, hizi la pili, hizi la tatu, na hizi nenda nazo ukazianike tena. Hapana anayemuuliza amepanda mlima gani kuja nazo, wala ana watoto wangapi nyumbani.

Katikati ya miaka ya 2010 Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, yaani ZSTC, lilikuwa likinunua kilo ya daraja la kwanza kwa Shilingi 14,000, ya daraja la pili kwa 12,000, na ya daraja la tatu kwa 10,000. Piga hesabu, ndugu msomaji. Mwenye gunia la kilo 50 aliyeshushwa daraja moja tu alirudi kwake na Shilingi 100,000 pungufu, kwa kosa la wingu moja lililompita mchana akiwa msibani.

Sisi hatukukaa leo kuilaumu mizani hiyo. Hiyo ndiyo iliyolinda jina la karafuu zetu katika masoko ya dunia, na mkulima wa kweli hana ugomvi nayo, maana inamtenga yeye na mwenzake anayetia maji gunia ili lizidi uzito. Tunalouliza ni jambo jingine, nalo tunaliuliza kwa sauti: mbona mizani hii imewekwa upande mmoja tu wa soko?

Maana soko lina pande mbili. Karafuu zinatoka Pemba zinakwenda. Fedha zinaingia katika hazina, zikachanganyika na kodi, na ushuru, na mikopo ambayo sisi na watoto wetu ndio tutakaoilipa. Kisha zinarudi. Hazirudi kama noti. Zinarudi kama saruji, mabati, nondo, mabomba, madawati, dawa za hospitali, na mkandarasi aliyekuja na greda lake kwa meli. Hayo ndiyo malipo yetu. Basi twauliza: nani anayeingiza mkono mpaka kati ya gunia la mkandarasi?

Katika shehia moja ambayo hatutaitaja, tuliwahi kusimama pembeni gari likishusha saruji ya kujengea madarasa. Mifuko ilipangwa chini juu ya udongo mtupu, si juu ya mbao, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa bahari. Kijana wa bohari alikuwa akihesabu kwa kalamu: kumi, ishirini, thelathini. Mzee mmoja mwenye shamba jirani alisogea, akaugusa mfuko kwa ncha ya bakora yake, na mfuko ukajibu kama jiwe. Akagusa wa pili, na wa tatu.

"Mwanangu," akamwambia yule kijana, "hii saruji umeipima?"

"Nimeihesabu, babu. Imetimia."

"Sikukuuliza kutimia. Mimi nikileta karafuu zangu zimetimia lakini zimevunda, ninarudi nazo."

Kijana akacheka kwa haya, akasema kwamba yeye ameambiwa ahesabu mifuko na kutia sahihi, hakuambiwa zaidi ya hayo. Na hakusema uongo. Hati aliyopewa ilikuwa na safu ya idadi, na safu ya tarehe, na pahala pa sahihi. Safu ya hali ya mali haikuwamo. Yule mzee, ambaye hakuitwa na mtu wala hana cheo, ndiye aliyekuwa mkaguzi peke yake mahali pale, na alichokuwa nacho ni bakora na miaka sitini ya kurudishwa na karafuu zake.

Hilo ndilo jambo letu leo. Mtu wa Pemba amefundishwa ukaguzi kwa muda mrefu kuliko pengine mtu yeyote wa pwani hii. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, kisiwa hiki ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya zao hilo. Wakati wa Waingereza ushuru wa karafuu ulikuwa nguzo kubwa ya mapato ya Serikali. Chama cha Wakulima wa Karafuu kiliundwa upya mwaka 1934, na sheria ya mwaka 1937 iliyokipa chama hicho mamlaka ya ununuzi ilileta mgogoro mkubwa, wafanyabiashara wa Kihindi wakazigomea karafuu hapa na kule India, mpaka wakapatana mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi likaja Shirika la Biashara la Taifa mwaka 1968. Serikali zimepita moja baada ya moja, wanunuzi wamebadilika majina, lakini gunia la mkulima halikuacha kufunguliwa hata msimu mmoja. Elimu hiyo tunayo. Tumepimwa nayo. Haijapata kutumika kwa faida yetu.

Sasa tuseme jinsi mali inavyopungua njiani, kwa kuwa wako wanaodhani wizi wa mkandarasi ni kupakia mifuko usiku akaenda kuiuza. Huo ni wizi wa mjinga. Mwenye akili haibi kitu, anabadilisha namba.

Chukua bati. Mkataba unasema geji 28. Linakuja bati linalong'aa, lina rangi nzuri, urefu sawa, mikunjo sawa, nalo ni geji 30. Katika mabati namba ikizidi unene unapungua, na wengi wetu hatulijui hilo. Tukisikia 30 tunadhani tumeongezewa. Chukua nondo. Mkataba unasema milimita 12, zinakuja za milimita 10. Kwa macho tofauti ni milimita mbili, upana wa punje ya mchele. Lakini ukikata nondo na kupima uso wake, ya 10 ina chuma pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ya 12. Yaani katika kila nondo kumi, tatu hazikuja. Na zikishafunikwa na zege, nani atakayeziona mpaka siku boriti itakapopasuka? Chukua saruji: ziko za nguvu ya 32.5 na ziko za 42.5, na mfuko mmoja unafanana na wa pili kwa mtu asiyesoma maandishi. Chukua mchanga. Mchanga wa kujengea umekuwa adimu katika visiwa vyetu, na uliochotwa pwani una chumvi, na chumvi inakula chuma ndani ya ukuta polepole kama mchwa, mpaka siku unapoona ukuta unatoa kutu kama mtu anayetokwa na damu.

Katika yote hayo hesabu ya bohari imetimia. Mabati ni mia, yamekuja mia. Nondo ni mia mbili, zimekuja mia mbili. Karatasi haina aibu.

Na sisi watu wa Pemba tunajua kwa uchungu wetu karatasi inaweza kusema nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ikitoka Unguja kuja huku ilizama karibu na Nungwi. Hesabu ya mwanzo iliyotajwa ya watu waliokuwamo ilikuwa ya mamia. Tume iliyochunguza msiba ule ilipotoa taarifa yake mwaka 2012 ilisema walikuwa zaidi ya 2,000, na wengi kati yao hawakuonekana tena. Hapana nyumba katika kisiwa hiki isiyokuwa na jamaa, au jirani wa jamaa, aliyekwenda na meli ile. Hatuutaji msiba huo kwa kupenda kutonesha kidonda. Tunautaja kwa kuwa huo ndio mfano mkubwa kuliko yote wa huduma iliyokaguliwa kwa karatasi na haikukaguliwa kwa macho. Aliyepewa kazi ya kusimama gatini na kuhesabu vichwa kazi yake ni ile ile ya kijana wa bohari. Tofauti ni kile kilichokuwa ndani ya gunia.

Wako watakaotujibu kwamba sheria ipo. Kweli ipo. Zanzibar ina Sheria namba 11 ya 2016 ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma, ina mamlaka ya kuisimamia, ina taasisi ya viwango, ina mamlaka ya kuzuia rushwa, ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ina Kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoita watu na kuwahoji juu ya hesabu. Hatusemi vyombo hivyo havifanyi kazi. Twasema vingi vinafika wakati karafuu zimeshavunda. Mkaguzi wa hesabu anakuja baada ya fedha kutoka. Kamati inaita mtu baada ya mwaka kupita. Mwenye kuzuia rushwa anataka ushahidi, na ushahidi umo ndani ya msingi, chini ya zege, chini ya plasta, chini ya rangi ya kijani.

Hapa ndipo mkulima anapoweza kumfundisha mhandisi. Mizani ya kituoni haitengenezi karafuu; inasema tu zikoje. Karafuu nzuri inatengenezwa uwanjani, siku ya kwanza ya kuanikwa, na siku ya pili, na ya tatu, kwa kugeuza, na kuanua mvua ikija, na kutoziacha zikalundikana usiku zikapata moto. Anayengoja mizani imwambie kama zimeharibika amechelewa. Mizani itamwambia kweli, lakini haitamrudishia kitu. Na ujenzi ni hivyo hivyo. Msingi unakaguliwa siku ulipo wazi. Nondo zinahesabiwa na kupimwa kabla zege halijamwagwa, na anayemwaga kabla ya kukaguliwa anaambiwa avunje kwa gharama yake. Zege lenyewe huchukuliwa likiwa bichi, likatiwa katika vikasha vya chuma vya sentimita 15 kila upande, likakaa majini, kisha likavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 ijulikane nguvu yake. Hilo ndilo jamvi la mkandarasi. Anayetaka kumdhibiti na awepo uwanjani.

Awepo. Tunalirudia neno hili kwa kuwa ndilo gumu kwetu. Aghalabu zabuni inafunguliwa Unguja, mkataba unatiwa sahihi Unguja, mshauri elekezi anakaa Unguja, na fedha zinalipwa kutoka Unguja. Mhandisi anashuka Mkoani asubuhi, anapelekwa kwa gari mpaka Micheweni au Wete, anatembezwa, anapewa madafu, anapiga picha, na kesho yake yumo melini. Siku aliyokuja ukuta ulikuwa umeshapigwa plasta. Akiona ufa anaandika barua, barua inapita bahari kama alivyopita yeye, na jibu linapofika watoto wameshaanza kusoma ndani. Tunao Maofisa Wadhamini wa Wizara hapa Pemba, na wengi wao ni watu wazima wenye busara na wanaokijua kisiwa. Lakini mdhamini asiyeweza kusema "sitii sahihi" anadhamini nini? Tukimpa mtu dhamana ya mlango, tumpe na ufunguo wake.

Mambo haya yamekuwa makubwa zaidi katika miaka hii ya karibuni kwa sababu kazi zimekuwa nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 Tanzania ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, Zanzibar ilipata mgao wa Shilingi bilioni 230, na skuli, hospitali za wilaya na miradi ya maji ikaanza karibu kwa pamoja, Unguja na Pemba. Tuliifurahia neema hiyo na hatusemi kazi zile ziliharibika. Tunasema kwamba kusimamia wakandarasi kumi si sawa na kumsimamia mmoja mara kumi. Kazi moja inamngoja mwenzake. Wa mtaro amechimba, wa mabomba hajaleta. Mvua inanyesha, mtaro unajifukia, na wa mtaro anadai alipwe mara ya pili, tena kwa haki. Pampu imefika, umeme haujafika. Pampu inakaa kwenye kasha lake miezi minane, na muda wa dhamana ya kiwandani unakwisha kabla haijatoa tone la maji. Hapo huwezi kumshika mtu mmoja ukasema huyu ndiye mkosa. Kila mmoja ana barua yake mfukoni. Ndipo inapotakiwa awepo mtu mmoja, mwenye daftari moja, anayejua kila aliyeahidi kitu aliahidi lini, na ahadi ya nani imemkalia nani kichwani.

Wazee watakumbuka mradi wa karanga wa Tanganyika, ule wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947. Waingereza, watu wenye elimu na ofisi na makarani, walitaka kulima mamilioni ya ekari. Walinunua matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, mabovu na yenye kutu. Yalilipiwa, yakapakiwa, yakashushwa, na yalipofika porini mengi yakakata roho mbele ya visiki vya mibuyu. Mradi ulipofungwa mwaka 1951 Pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Wakati ule wengi wetu tulicheka, tukasema ndiyo akili ya mkoloni. Tulikuwa na haki ya kucheka. Lakini trekta bovu halikuwa bovu kwa sababu lilinunuliwa na mkoloni. Lilikuwa bovu kwa sababu hapana aliyelikagua kabla ya kulilipia. Kosa hilo halina rangi wala bendera, nasi tuliojitawala tunaweza kulirudia kwa fedha zetu wenyewe.

Na tusidhani kwamba kazi inakwisha siku ya kukata utepe. Unguja ilipata umeme kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari uliolazwa mwaka 1980, waya uliokadiriwa kuishi kama miaka 30. Mwaka 2008 Unguja ilikaa giza karibu mwezi mzima, na tena kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Hoteli zikafungwa, na maji yakakosekana kwa kuwa pampu ni za umeme. Waya mpya ulifika mwaka 2013. Sisi wa Pemba tulipata waya wetu kutoka Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, zaidi ya kilomita 70 chini ya bahari, tukaagana na majenereta ya Wesha na moshi wake. Waya huo una umri wake kama kila kitu chenye umri. Daftari lake na liwe hapa, lisomwe kila mwaka: umepimwa lini, umetengenezwa lini, kipuri gani kipo na kipi hakipo. Aliyetuuzia ametimiza lake au hakutimiza, litakalosema ni daftari hilo, si kumbukumbu za mtu aliyeshastaafu.

Katika ujenzi wa kawaida nako kuna jambo kama hilo, nalo wananchi wengi hawalijui. Mkandarasi halipwi fedha zote siku anapokabidhi. Sehemu inashikiliwa, mara nyingi asilimia 5 mpaka 10, kwa muda unaoitwa kipindi cha matazamio, aghalabu mwaka mmoja. Likivuja paa ndani ya mwaka huo, anarudi kuliziba kwa mfuko wake. Mlango ukianguka, anarudi. Fedha hizo zilizoshikiliwa ndizo bakora yetu pekee baada ya makabidhiano. Lakini nani katika shehia anajua matazamio yanakwisha tarehe gani? Mwalimu mkuu hajui. Sheha hajui. Paa linavuja mwezi wa kumi, mwalimu anaweka ndoo. Linavuja mwezi wa kumi na moja, anaongeza ndoo ya pili. Mwezi wa kumi na tatu anaandika barua, naye anajibiwa kwa adabu kwamba muda umepita na fedha zimeshatoka.

Hatutaki kusomwa kama watu wanaowachukia wakandarasi. Wako wakandarasi wazalendo, vijana wetu, walioanza na toroli na sasa wana malori, na kazi zao zinasimama. Hao ndio wanaoumia zaidi na hali hii, maana bati la geji 30 lina bei ndogo kuliko la 28, na anayekusudia kuleta 30 ndiye atakayetia zabuni ya bei nafuu na kuipata. Mwaminifu anashindwa siku ya kwanza. Tena wako wanaoharibika kwa kuharibiwa. Mkandarasi amefanya kazi, amepewa hati ya malipo, na hati inakaa mezani miezi sita. Amekopa benki, riba inatembea, mafundi wanamngoja mlangoni. Mtu huyo akipunguza mfuko mmoja wa saruji katika kila kumi, sisi tutamlaumu, lakini aliyemlaza njaa naye ana sehemu yake ya lawama. Mkulima akipeleka karafuu nzuri kituoni anarudi na fedha zake. Serikali inayotaka kazi ya daraja la kwanza na ilipe kama inavyolipa karafuu ya daraja la kwanza. Mizani yenye sahani moja si mizani.

Basi madai yetu ni haya, nayo si makubwa. Kila pahala panapojengwa kwa fedha za umma pawekwe ubao, na ubao huo usiwe wa kutaja majina ya wakubwa tu. Uandikwe kwa Kiswahili: bati geji ngapi, nondo milimita ngapi, saruji ya nguvu gani, kazi imeanza lini, itakwisha lini, kila siku ya kuchelewa mkandarasi anakatwa kiasi gani, na matazamio yanakwisha tarehe gani. Hiyo si siri ya nchi. Ni sawa na bei ya karafuu inayobandikwa kituoni ili kila mtu aisome.

Mhandisi wa kazi za Pemba akae Pemba. Nyumba zipo. Na katika kamati ya kupokea mali awemo fundi mmoja wa shehia ile ile, mwashi au seremala anayejua kazi, apewe tepu na kipimo cha kupimia unene wa bati, kitu kinachoingia mfukoni. Sahihi ya kamati hiyo isipokuwapo, malipo yasitoke. Hapo ndipo Ofisa Mdhamini atakapokuwa mdhamini kweli.

Na liwepo daftari la wakandarasi na wauzaji wote, linaloandikwa baada ya kila kazi: huyu alileta kwa wakati, huyu alichelewa siku ngapi, huyu aliambiwa avunje ukuta mara mbili. Sheria za ununuzi zinaruhusu mtu kufungiwa kwa makosa makubwa, lakini kati ya kufungiwa na kusifiwa pana nafasi kubwa, na humo ndimo wengi walimojificha. Leo aliyeharibu Mkoani anaweza kutia zabuni Wete mwakani, tena kwa jina jipya la kampuni na ndugu yake ndiye mkurugenzi. Mkaguzi wa karafuu hasahau uso wa mtu aliyemletea gunia lililotiwa maji. Daftari hilo lisisahau nalo, na lisomwe hadharani kabla zabuni haijatolewa.

Watakaosema kwamba ukali huu utawakimbiza wafanyabiashara wasije Pemba, tunawakumbusha kwamba ukali wa kituo cha karafuu haukumkimbiza mkulima. Ulimfundisha kuanika.

Ile skuli ya mifuko iliyoganda imekwisha kujengwa. Tumeuliza, na baada ya kupelekwa ofisi hii na ofisi ile tumepata kujua kwamba kipindi chake cha matazamio bado hakijakwisha, na kwamba mvua za masika zitanyesha kabla ya tarehe hiyo. Tumemwomba yule mzee afuatane nasi siku ya mvua ya kwanza kubwa. Amekubali, ila amesema tumpitie mapema, kwa sababu mvua ikinyesha kweli atakuwa na karafuu zake za kuanua kwanza.